Reli ya Usambara: Ilivyofika Korogwe na Kuipita Handeni

Gari moshi lilifika Korogwe mwezi Machi 1902. Lilitoka Tanga, mwendo wa kilomita 84, ambao basi la leo huumaliza kabla abiria hajachoka kukaa. Reli yenyewe ilihitaji karibu miaka tisa kuupita mwendo huo. Katika miaka hiyo kampuni iliyoianzisha iliishiwa, serikali ya Berlin ikalazimika kuinunua, na maelfu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote walifyeka msitu, wakainua matuta, wakaponda kokoto na kubeba vyuma mabegani. Hii ndiyo reli ya kwanza kujengwa katika nchi ambayo sasa ni Tanzania bara. Inastahili kukumbukwa vizuri kuliko inavyokumbukwa, hasa na sisi tunaoishi pande zote mbili za Mto Pangani, Korogwe ng'ambo ya kaskazini na Handeni ng'ambo ya kusini.

Mwanzo wake ni wa kibiashara. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile iliyotokana na mikataba ya Carl Peters ya mwaka 1884, ilikuwa imetaka kuitawala pwani kwa bendera yake yenyewe, na mwaka 1888 watu wa pwani wakaikatalia kwa silaha. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani, aliyewaongoza Wazigua wengi, alisalimu amri mwaka uliofuata. Serikali ya Ujerumani ikachukua utawala mikononi mwake, na kampuni ikabaki na ardhi, maduka na tamaa ya kupata faida. Mwaka 1891 ikaunda kampuni ndogo ya reli, ikaipa jina la Usambara. Fikra ilikuwa kutoka bandari ya Tanga, kufuata miguu ya milima ya Usambara ambako walowezi walikuwa wameanza kupanda kahawa, na siku moja kufika Kilimanjaro na pengine hadi Ziwa Viktoria.

Ujenzi ulianza Tanga katikati ya mwaka 1893. Oktoba 1894 reli ilikuwa Pongwe, na watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa jinsi Pongwe ilivyo karibu. Aprili 1896 ilifika Muheza, kilomita 40 kutoka baharini, na hapo ikasimama. Fedha zilikuwa zimekwisha. Mvua za masika zilisomba matuta, wataalamu waliugua homa, na shehena ya kubeba ilikuwa kidogo mno kulipa hata gharama za kuendesha treni. Miaka hiyohiyo nzige walishuka Uzigua na Ubondei, mashamba yakaliwa, na njaa ikapiga nchi vibaya. Kampuni ilikuwa ikitafuta vibarua na shehena katika nchi iliyokuwa ikizika watu wake. Mwaka 1899 serikali ya Ujerumani iliinunua reli, na kwa fedha za umma ndipo vyuma vikasogea kutoka Muheza kuelekea Korogwe.

Jambo hili nalisisitiza kwa sababu masimulizi mengi huipa kampuni ile sifa ya kuwa mwasisi na kuishia hapo. Kampuni iliacha kilomita 40 za reli isiyokwenda popote. Kilichoigeuza kuwa taasisi ni kuwa mali ya serikali, yaani kubebwa na kodi, na sehemu ya kodi hiyo ililipwa huku kwetu. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na asiyekuwa na fedha taslimu alipaswa kuitafuta kwa kazi. Kazi iliyokuwapo ilikuwa ya reli au ya shamba la mzungu.

Nani basi aliyeijenga? Wenyeji wa mabondeni, Wabondei, Wazigua na Wasambaa, walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kuyaacha wakati wa palizi. Kwa hiyo wasimamizi walitegemea sana vibarua wa mbali, Wanyamwezi na Wasukuma, watu waliozoea safari ndefu tangu enzi za misafara ya pembe na ambao walikuja kwa makundi, wakaweka kambi kando ya njia. Wenyeji nao waliingizwa taratibu, wengine kwa kodi, wengine kwa amri ya jumbe. Kufikia mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto, ilikuwa na utaratibu wa kadi: kila mwanamume Msambaa alipaswa kumfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne, na kadi hiyo ikawa ushahidi wake. Tukisema Wajerumani walijenga reli, tunamaanisha walipima, walichora na walilipia vyuma. Tuta lenyewe, ambalo treni inalipita hadi leo, ni la jembe la mkono na karai.

Mataruma yalikuwa ya chuma. Mti wa kawaida katika ardhi yetu huliwa na mchwa kabla haujazeeka, na wahandisi waliokuja na mazoea ya Ulaya walilijua hilo mapema. Upana wa njia ulikuwa mita moja kamili, sawa na reli ambayo Waingereza walianza kuijenga kutoka Mombasa miaka mitatu baada ya ya Tanga kuanza. Kufanana huko kuliokoa mengi baadaye.

Kwa nini njia ilipita Korogwe ikaiacha Handeni? Jibu limo katika ramani ya mashamba. Ardhi iliyotakiwa na walowezi ilikuwa upande wa kaskazini wa mto, chini ya milima, penye mvua na vijito. Uzigua, ng'ambo ya kusini, ilikuwa nyika ya mvua za kubahatisha, nchi ya mtama na ng'ombe. Ilikuwa pia nchi ya njia za misafara iliyotoka Pangani na Saadani kwenda bara, na watu wake walikuwa wafanyabiashara wazoefu waliouza chakula kwa misafara kwa vizazi. Reli iliwapiga pigo mara mbili: iliihamishia biashara ng'ambo ya pili, na haikuwapelekea kitu badala yake. Boma la Wajerumani lilijengwa Handeni, kodi ikakusanywa, lakini shehena ya mkulima wa Handeni iliendelea kwenda kichwani hadi kwenye reli.

Korogwe ilistawi. Kabla ya hapo ilikuwa makazi ya mtoni na kituo cha misheni ya Waanglikana. Baada ya stesheni, maduka yakasogea kwenye reli, wafanyabiashara wa Kihindi wakaja na bidhaa, na mji tunaoujua, wenye Manundu yake na soko lake, ukaota kando ya vyuma. Na mkonge ukaja nyuma ya reli. Dakta Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, mwaka uleule ujenzi ulipoanza Tanga. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika iliyo hai 62 tu, na kutokana na hiyo 62 ndiyo yakatoka mashamba yote ya mkoa huu: Ngombezi, Magunga, Hale, Mazinde na mengineyo. Mkonge ni zao zito lisilo na faida likibebwa na mpagazi. Bila reli lisingekuwapo, na bila mkonge reli ingebaki na hasara yake ya Muheza. Ndani ya mashamba zililazwa reli nyembamba za kuvuta majani hadi mashine ya kusindika, mtandao wa viberenge vilivyosukumwa kwa mikono au kuvutwa na wanyama. Reli hizo nyembamba zikumbukwe, nitazirudia.

Mwezi Februari 1905 reli ilifika Mombo, kilomita 129. Kutoka hapo barabara ilipanda kwenda Lushoto, na mzigo wa milimani, kahawa na mboga, ukawa na mahali pa kushukia. Mkumbara, mbele kidogo ya Mombo, kulijengwa kitu ambacho wageni walisafiri kuja kukitazama: njia ya nyaya iliyotundikwa hewani, kazi ya kiwanda cha Bleichert cha Leipzig, ikishusha magogo ya mwerezi kutoka misitu ya Shume hadi kando ya reli, umbali wa kilomita zipatazo 9 na mteremko wa zaidi ya mita 1,000. Upande wa Muheza kulikuwa na tawi dogo la kwenda Sigi, chini ya kituo cha utafiti cha Amani. Kisha njia ikaendelea Buiko, Same, na mwanzoni mwa mwaka 1912 ikafunguliwa rasmi hadi Moshi, kilomita 352 kutoka Tanga.

Wapenzi wa historia ya magari ya Kijerumani wataona jambo la kupendeza katika miaka hiyo. Karl Benz alipata hataza ya gari lake la mota Mannheim mwaka 1886, miaka saba kabla ya reli ya Tanga kuanza. Tarehe 10 Agosti 1907 Luteni Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa Gaggenau, katika kiwanda ambacho muda mfupi baadaye kilimezwa na Benz na ambacho miaka mingi baadaye, kikiwa chini ya Daimler-Benz, kiliunda lori la Unimog linalojulikana hata katika majeshi yetu. Graetz alikuwa na nia ya kuvuka bara zima. Alifika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, Mei mosi 1909. Alikwama matopeni, alingoja vipuri kwa miezi, alivuka mito kwa kuburutwa. Katika miezi hiyohiyo mafundi wa reli walikuwa wakilaza vyuma baina ya Mombo na Buiko. Mtu aliyekuwa Korogwe mwaka 1909 angeapa kwamba wakati ujao ni wa reli, na kwamba gari la mota ni mchezo wa maafisa. Ilichukua nusu karne kwa gari kumkanusha.

Vita ikaja. Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Wajerumani wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000, na askari walio wengi walikuwa mbali, kule Moshi. Reli iliwashusha. Treni zilipita Korogwe usiku na mchana zikiwa zimejaa askari, zikawateremsha Kange, nje kidogo ya mji, na siku ya pili ya mapigano jeshi la Waingereza lilikuwa linakimbilia melini. Vitabu humpa sifa jemadari. Lakini masafa ya kilomita 352 kwa miguu yangechukua wiki mbili, na Tanga ingekuwa imeanguka. Wenye mchango wa kutajwa hapo ni madereva, wachochea moto, wasimamizi wa stesheni na watu wa magenge walioiweka njia hiyo wazi.

Sura ninayotaka isisitizwe kuliko zote ni ya Handeni. Wajerumani walikuwa na reli mbili zisizogusana: hii ya Usambara na ile ya Kati iliyotoka Dar es Salaam na kufika Kigoma mwaka 1914. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza. Ili silaha na chakula vivuke kutoka kaskazini kwenda Morogoro ilibidi vipite Uzigua. Wakang'oa reli nyembamba za mashamba ya mkonge, zile nilizozitaja, wakazilaza upya kutoka Mombo, kuvuka Mto Pangani pale Mkalamo, hadi Handeni. Haikuwa na injini. Vilikuwa viberenge vilivyosukumwa na watu, gunia kwa gunia, sanduku kwa sanduku, kupanda na kushuka nyikani. Kutoka Handeni kwenda kusini mzigo ulirudi vichwani mwa wapagazi. Mafuta ya magari machache waliyokuwa nayo yalipokwisha, walijifunza kutengeneza kimiminika cha kuendeshea mota kutokana na mnazi, lakini mnazi hauwezi kusukuma kiberenge. Mikono ndiyo iliyosukuma.

Hiyo ndiyo reli pekee iliyopata kufika Handeni mjini, na ilifika kwa ajili ya vita. Juni 1916 majeshi ya Jan Smuts yaliteremka kufuata mto. Yakapigana Mkalamo, yakachukua Mombo, yakachukua Korogwe, na kabla mwezi haujaisha yakawa Handeni, yakifuata njia ya viberenge kama mwindaji anavyofuata damu. Wajerumani walirudi nyuma wakilipua madaraja na kuharibu vichwa vya treni. Nyuma ya majeshi yote mawili walibaki watu wa Uzigua, nafaka yao imechukuliwa na upande mmoja kisha na wa pili, vijana wao wamebebeshwa mizigo kwenda Morogoro na zaidi. Njaa ilifuata. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Vyuma vyepesi vya Mombo hadi Handeni havikubaki kuwa reli ya amani. Hakuna aliyeona kuna sababu ya kuviacha vibebe mahindi.

Nasema waziwazi kwamba hapo ndipo palipokosewa. Kazi ngumu ya kutafuta njia, kufyeka na kuvuka mto ilikuwa imekwisha kufanywa, na gharama yake ilikuwa imelipwa kwa maisha ya watu. Utawala mpya ungeweza kuitengeneza njia hiyo iwe ya kudumu. Badala yake Waingereza walielekeza nguvu kwenye kuiunganisha Kahe na Voi, yaani na reli yao ya Mombasa, jambo lililowezekana kwa wepesi kwa sababu zote mbili zilikuwa za upana wa mita moja. Mwaka 1929 njia ya Tanga ikafika Arusha. Handeni ikabaki wilaya ya kupelekewa chakula cha msaada kila ukame ulipozidi.

Miaka ya Waingereza naipita haraka, kwa kuwa kwa upande wa ujenzi ilikuwa na machache. Kwa upande wa watu ilikuwa na mengi. Mkonge ulipanda bei, mashamba ya Korogwe yakahitaji mikono, na ofisi ya kuajiri iliyoitwa SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, ikaleta manamba kwa maelfu kutoka Kigoma, Iringa, Songea na nje ya mipaka. Ukiuliza leo katika kambi za zamani za Magunga au Ngombezi babu yake nani alitoka wapi, utasikia makabila ya Tanganyika nzima, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Mwaka 1948 reli iliingizwa katika Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na makao makuu yakawa Nairobi. Wafanyakazi Waafrika walilipwa kwa vipimo vya rangi, na walilijua hilo kila mwisho wa mwezi. Mwaka 1960 chama chao, kikiongozwa na Christopher Kasanga Tumbo, kiligoma siku 82 katika Tanganyika nzima. Mgomo huo uliingia hata kwenye stesheni ndogo kama za kwetu, na ulitokea mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Katika historia ya taasisi hii nauweka juu ya uzinduzi wowote wa kukata utepe.

Kisha jambo ambalo vita ilikuwa imelifanya kwa viberenge likafanywa kwa amani. Mwaka 1963 ilifunguliwa njia ya kuunganisha reli ya Tanga na reli ya Kati, kilomita zipatazo 188, kutoka Mnyusi katika wilaya ya Korogwe hadi Ruvu. Tanga na Dar es Salaam zikashikana kwa chuma kwa mara ya kwanza. Njia hiyo ilielekea kusini kupitia upande wa mashariki, na mji wa Handeni ukabaki pembeni tena.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Shirika la Reli Tanzania likazaliwa. Kuanzia hapo hadithi ni ya kudhoofika kwa muda mrefu. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, na mashamba mengi yakaota vichaka. Lami ya Chalinze kupitia Mkata, Kabuku na Segera, yote ndani ya Handeni, ikavuta abiria na mizigo. Sasa gari la mota likamlipa Graetz madeni yake yote: lori liliondoka saa yoyote, likapakia mlangoni kwa mwenye mali na kushusha mlangoni kwa mnunuzi. Handeni, iliyonyimwa reli miaka yote, ikawa kwenye njia kuu ya magari ya nchi, na Segera ikawa mahali ambapo msafiri wa Tanga na msafiri wa Moshi wanaachana. Reli ikakosa vipuri, madaraja yakachakaa, treni za abiria zikakoma. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kwa mkataba kwa kampuni ya RITES ya India, na miaka michache baadaye mkataba ukavunjwa. Kwa mara ya pili katika historia yake, reli hii ilionyesha kwamba ikiendeshwa kwa kutafuta faida ya haraka husimama.

Serikali iliirudia. Magenge ya ukarabati yalirudi njiani, nyasi zikafyekwa, mataruma yakabadilishwa, na mwaka 2019 mizigo ikaanza kupita tena kwenda Moshi. Desemba mwaka huohuo treni ya abiria ilitoka Dar es Salaam kwenda Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Inapita Mnyusi, inasimama Korogwe, inaendelea Mombo na kupanda. Miongoni mwa waliokuja kuitazama pale Korogwe ilipopita mara ya kwanza walikuwamo wazee waliowahi kuipanda na watoto ambao hawakuwahi kuona behewa likitembea.

Barabara ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, sasa ni ya lami, na ile ya Handeni kwenda Mkata pia. Mfanyabiashara wa mahindi au mifugo wa Handeni anayetaka kupeleka mzigo kwa treni hupakia lori kwanza, akavuka mto, akashusha Korogwe. Njia ya viberenge ya mwaka 1916 haimo katika orodha yoyote ya stesheni za shirika, wala hakuna alama pale Mkalamo inayomwambia mpita njia kwamba ilivuka hapo. Katika maadhimisho yoyote ya reli hii, Mkalamo inapaswa kutajwa pamoja na Tanga, Muheza, Korogwe na Moshi, na watu waliosukuma wakatajwa kabla ya waliochora ramani.